Waliokalia Mifuko

Mota iliyosemekana kuibwa ilikuwa juu ya meza ya fundi Masudi, Nyasubi, mjini Kahama, imefunguliwa na nyaya zake za shaba ziko nje, na fundi mwenyewe alikuwa anaisuka upya huku akisikiliza redio. Wala haikufichwa. Meza ilikuwa barazani, baraza lenyewe limepakana na njia ya kwenda sokoni, na nusu ya Kahama ilikuwa inapita hapo na vikapu vyake vya nyanya.

Inspekta Mwasiti alilinganisha namba iliyogongwa kwenye mota na ile aliyoiandika kwenye simu yake. Zilikuwa sawa. Hasira ilimpanda. Kwa ajili ya chuma hiki mwanamke mmoja wa Segese alilala mahabusu, na hadi asubuhi hii ya Alhamisi alikuwa bado anaitwa mwizi.

"Fundi, hii ni ya nani?"

"Ya karasha la Mama Eliya, kule Segese, Afande. Iliungua." Masudi alizima redio. "Kwani kuna neno?"

"Aliileta nani?"

"Opereta wake, Donatus. Aliileta kwa bodaboda wiki iliyopita, kaifunga kwa mipira utadhani mgonjwa anapelekwa Bugando."

"Kuna mwingine aliyekuja kuiulizia?"

"Alikuja shemeji yake Mama Eliya. Yule kijana wa miwani, Charles. Jumamosi. Akauliza itakuwa tayari lini, nikamwambia Jumatatu. Akasema nisijisumbue, hata wiki ipite, hakuna haraka." Fundi alicheka kidogo. "Nikashangaa. Mimi tangu nianze kusuka mota sijapata mteja asiye na haraka."

"Una hakika ni Jumamosi?"

"Afande, alinikuta nimekwisha vaa kanzu, naenda kwenye nikaha ya mpwa wangu. Sivai kanzu kusukia mota."

Mwasiti alimshukuru, akampiga picha yeye na mota yake, akachukua maelezo yake, akamsainisha. Kisha alirudi kwenye gari, akaweka mikono juu ya usukani bila kuliwasha.

Jambo lilikuwa hivi. Jumatatu asubuhi Charles alikuja kituoni na ovaroli mkononi na huzuni usoni. Alisema yeye ndiye mmiliki wa karasha la kusagia mawe ya dhahabu pale Segese, na leseni yenye jina lake alikuwa nayo. Alisema Serafina, yaani Mama Eliya, mke wa marehemu kaka yake, alikuwa msimamizi wake tu, na sasa amemwibia mota ya karasha moja kati ya mawili na kuipeleka kusikojulikana. Serafina alipoulizwa alijibu kwamba mtu haibi chake, akanyamaza. Jibu hilo halikumsaidia. Jumanne alipewa dhamana, kwa sharti kwamba asikanyage karashani mpaka shauri liishe.

Sasa imejulikana kwamba Charles alijua mota iko wapi siku mbili kabla ya kuja kulalamika kwamba hajui iko wapi. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa imeishia Nyasubi. Lakini Mwasiti hakuwa mtu wa kufurahia kumkamata mwongo kwa ulimi tu. Uongo ni kama jembe, mtu halichukui begani kwa kutembea nalo. Alitaka kujua uongo huu ulichukuliwa kwenda kulima nini.

Serafina alikuwa amejihifadhi kwa dada yake, nyuma ya soko. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye viganja vigumu na sauti ndogo. Alitoka na khanga ya kiunoni, akasimama mbali kidogo na gari, kama mtu aliyekwisha kujifunza kwamba gari la polisi lina milango inayofunguka kwa nje tu.

"Ingia mbele, Mama Eliya," Mwasiti alimwambia. "Mota yako nimeiona."

"Kwa Masudi?"

"Kwa Masudi. Mbona hukuniambia Jumatatu kwamba iko kwake?"

"Ningekwambia, ungemfuata Donatus ukamfunga na yeye. Ana mtoto mchanga." Aliingia, akafunga mlango taratibu. "Na mimi sikuulizwa mota iko wapi, Afande. Niliulizwa kwa nini nimeiba."

Mwasiti alikubali kimya kimya kwamba ni kweli, akawasha gari, akashika barabara ya Segese.

"Niambie kuhusu jina lililo kwenye leseni."

"Jina ni la Charles, sikatai." Serafina alitazama mbele. "Baba Eliya alipofariki, leseni nayo ilikuwa inakwisha. Kikao cha ukoo kikakaa. Wakasema, mama, wewe huna Kiingereza, ofisini watakuzungusha, mwache shemeji yako aweke jina lake akuwakilishe. Nikasema sawa. Ni mdogo wa mume wangu. Nimempikia ugali tangu yuko darasa la tano. Yeye akaenda zake Mwanza kuuza simu, mimi nikabaki na vumbi langu. Mwaka unapita hajaja hata kusalimia. Sasa mwezi jana akaja amebadilika, kila saa anapiga picha na karasha. Nikamuuliza, shemeji, hizi picha za nini? Akasema anatafuta viza ya kuhamia ng'ambo, huko wanachukua wafanyabiashara kwa pointi. Nikasema vizuri, Mungu akujalie."

"Ukamwombea!"

"Nilimwombea, gete, kweli kabisa. Sikujua ni karasha langu ndilo linalompa pointi. Nikaja kusikia kwa watu, mnunuzi amepatikana, viza ikitoka tu karasha linauzwa." Alimgeukia Mwasiti kwa mara ya kwanza. "Likiuzwa, Afande, mimi na Eliya tumekwisha. Sina shamba, sina ng'ombe. Vyote tuliviuza tukanunua kile chuma."

"Na kwa nini akuondoe pale wiki hii hii?"

"Leo ndiyo siku ya mgeni wa viza. Anakuja kumwona Charles akifanya kazi."

Basi jembe likajulikana lilikuwa la kulima wapi. Charles hakutaka mota, wala hakutaka Serafina afungwe. Alitaka Serafina asiwepo Segese siku ya Alhamisi, na polisi walikuwa wamemfanyia kazi hiyo bure, kwa muhuri na saini. Mwasiti alikanyaga mafuta.

Walipita makarasha mengi kabla ya kufika. Kila moja lilikuwa na bati lake, ngurumo yake na wachimbaji wake wakisubiri zamu ya kusaga. Wale wachimbaji walikuwa wameketi juu ya mifuko yao ya mawe. Mmoja alikuwa amelala usingizi kabisa, kaukumbatia mfuko wake kama mkewe.

"Hawa hawachoki kukalia mawe?" Mwasiti aliuliza.

"Watafanyaje? Umetoka duarani, shimoni kule, na mfuko mmoja baada ya kuchimba wiki mbili. Ukigeuka tu, mtu anachota viganja viwili vya yale yenye mali, anakurudishia kokoto. Mfuko unabaki umejaa vile vile. Hata mwenye karasha anaweza kukufanyia. Mchimbaji ukimwambia aondoke kwenye mfuko wake ni kama umemwambia aondoke kwenye ngozi yake."

Gari liliruka shimo. Mwasiti alikunja uso, akakumbuka kitu, lakini lori la mchanga lilikuwa linakuja mbele na alilazimika kushika usukani kwa mikono yote miwili.

Alilisimamisha gari nyuma ya ghala la mpunga, mahali ambapo mtu wa karashani hangeliona. "Kaa humu," alimwambia Serafina. "Sharti la dhamana bado liko palepale. Ukishuka bila mimi kukuita, utakuwa umempa Charles zawadi."

Karasha lilikuwa limefagiliwa. Hilo lilimshangaza Mwasiti kuliko yote, kwa sababu hakuwahi kuona karasha lililofagiliwa. Kibao kipya kilikuwa kimepigiliwa mlangoni na jina la Charles kwa rangi nyekundu. Karasha moja lilikuwa linanguruma, jingine lisilo na mota limefunikwa turubai. Chini ya bati waliketi wachimbaji kumi au zaidi, na katikati yao alisimama Charles na ovaroli ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani.

Kando yake alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye buti zilizokwisha kuona vumbi la sehemu nyingi, na faili kwapani. Alijitambulisha kuwa anaitwa Nelly, ametoka Dar es Salaam, na kazi yake ni kuhakiki waombaji kwa niaba ya nchi wanayoiomba.

Charles alimwona Inspekta, akatabasamu. "Afande! Karibu sana. Umeleta habari za mota yangu?"

"Uchunguzi unaendelea," Mwasiti alijibu. "Endeleeni na shughuli zenu. Mimi natazama tu."

Alimvuta Nelly pembeni, mbali kidogo na ngurumo.

"Nifafanulie hizi pointi, dada. Mimi nimezoea makosa ya jinai."

"Ni rahisi tu. Nchi hiyo ina mwaliko kwa wafanyabiashara na wawekezaji, lakini haichukui kila anayebisha hodi. Kila kitu chako kina pointi. Umri, ukiwa kijana unapata nyingi. Kiingereza nacho kina zake. Kuna mtaji, kuna mauzo, kuna idadi ya watu uliowaajiri. Zinajumlishwa. Sitini na tano ndiyo mstari. Ukiwa na sitini na nne, unabaki kwenu."

"Kama mtihani wa darasa la saba."

"Darasa la saba unaweza kurudia," Nelly alisema. "Bwana huyu ana sabini."

"Basi amefaulu."

"Kwenye karatasi. Kumi na tano kati ya hizo ni za kuendesha biashara mwenyewe kwa miaka minne mfululizo. Kuendesha, siyo kumiliki. Wamechoka na watu wenye majina kwenye leseni ambao hawajui hata mlango wa kiwanda unafungukia wapi. Kwa hiyo wananituma nije nione kwa macho. Nikiridhika, viza inatoka mwezi huu."

Mwasiti alihesabu kichwani. Ukitoa kumi na tano, Charles anabaki na hamsini na tano, na ng'ambo anaisikia redioni. Asipoenda, hana sababu ya kuuza. Asipouza, Serafina anapata muda wa kwenda mahakamani kudai jina lake. Kila kitu kilikuwa kimeninginia kwenye swali moja, nani anaendesha karasha hili, na watu wa kulijibu walikuwa wameketi pale chini ya bati.

"Umewahoji?"

"Wawili. Wanamtaja yeye. Njoo usikilize."

Nelly alimwita mchimbaji kijana. "Bosi wa karasha hili ni nani?"

"Bosi wetu ni Bwana Charles, anaendesha mwenyewe, tupo naye miaka minne."

Akamwita mwingine. Mwingine akasema, "Bosi wetu ni Bwana Charles, anaendesha mwenyewe, tupo naye miaka minne." Wa tatu alianza na "tupo naye", akasita, akarudi nyuma, akaanza upya na "bosi wetu".

"Wamekaririshwa," Mwasiti alinong'ona.

"Inawezekana. Lakini siwezi kuandika kwamba watu wamesema uongo kwa sababu tu maneno yao yanafanana mno. Nahitaji mmoja aseme kinyume."

Mwasiti alimfuata Donatus, opereta, aliyekuwa akisimamia karasha lililowashwa. Jumatatu, alipokuja kukagua mahali pa tukio, Donatus alikuwa amemtania bila kujali vyeo: "Mzaramo umetoka pwani kuja kutafuta mota, ungetafuta kwanza mbuzi wetu mliowala!" Leo alimwona akija, akainamisha kichwa. Na Msukuma akiacha kumtania Mzaramo, jua kuna jambo limemkaa kooni.

"Mtani," alisema Mwasiti, "bosi wako ni nani?"

"Charles."

"Mota uliipeleka Nyasubi kwa amri ya nani?"

Donatus alimtupia jicho Charles. "Mimi sijui mota, Afande. Nina mtoto mchanga."

Ilitosha kumwelewa, lakini haikutosha kuandikwa. Ni wazi alikuwa ameambiwa kwamba akifungua mdomo, wizi wa mota utakuwa wake.

Alijaribu njia ya tatu. Alimwendea Charles mwenyewe, akamuuliza mambo ya kazi, akitumaini kwamba muuza simu atateleza. Charles hakuteleza hata kidogo. Alijua idadi ya magololi ya chuma yanayoingia ndani ya karasha. Alijua mawe magumu yanasagwa kwa muda gani na laini kwa muda gani. Alieleza kwamba mchimbaji akishaosha unga wake kwenye mwalo, pale pa kuoshea, huondoka na dhahabu, na mchanga unaobaki, yaani marudio, ni wa mwenye karasha, na huko ndiko faida iliko. Alieleza vizuri kuliko wenye makarasha wenyewe. Nelly alikuwa anaandika, na kila alipoandika Charles alirefuka kidogo.

"Una swali jingine, Afande?"

"Sina kwa sasa."

Mwasiti alirudi nyuma, akasimama kwenye nguzo ya bati. Alikuwa na uongo wa mota mkononi, lakini uongo wa mota ungemfikisha Charles mahakamani baada ya miezi, na viza ingetoka mwezi huu. Mtu akishapanda ndege, hati ya kumwita shaurini unampelekea nani? Aliwatazama wachimbaji mmoja mmoja, uso kwa uso, akitafuta mwenye dalili ya kuchoka na uongo. Hakumpata. Walikuwa wamekaa kimya, magoti juu, kila mmoja na mfuko wake chini yake.

Kila mmoja na mfuko wake chini yake.

Hapo ndipo lile jambo lililomponyoka barabarani lilipomrudia. Jumatatu, alipofika hapa hapa, alijikwaa. Alijikwaa kwenye mfuko wa mawe, karibu aanguke, na pembeni yake kulikuwa na mingine mingi, imelala chini ya bati kama mizigo ya stendi, hakuna mtu hata mmoja. Wenyewe walikuwa ng'ambo ya njia, kwenye kibanda cha Mama Rebeka, wanakula ugali na dagaa na kucheka. Alikuwa amesema moyoni kwamba wachimbaji wa Segese ni wazembe. Siku ile Serafina alikuwa bado hajakamatwa. Alikuwa amesimama mlangoni, na tochi mkononi kama mlinzi.

Mwasiti alijisikia mwepesi. Alitembea hadi katikati ya bati, akapiga makofi.

"Jamani, nawasalimu. Donatus, zima hiyo mashine kidogo."

Ngurumo ilikufa. Watu wakasikia kuku wa Mama Rebeka.

"Huyu mgeni ametoka mbali," Mwasiti alisema, "na ana maswali mengi. Hapa pana joto. Kwa Mama Rebeka chakula kipo, leo mnakula kwangu. Twendeni wote tukaongee kule kibandani tukiwa tunakula. Mifuko yenu iacheni hapa hapa. Bosi wenu ataiangalia."

Hakuna aliyesimama.

Mwasiti alisubiri. Alikuwa na subira ya kipwani, ile ya mtu anayesubiri nazi ianguke yenyewe. Mchimbaji mmoja alijikuna shingo. Mwingine aliukandamiza mfuko wake kwa makalio, akiuhakikishia kwamba bado yupo.

"Mzee wangu, shikamoo," Mwasiti alimgeukia mtu mzima wa Kondoa aliyeitwa Ibrahimu, mwenye ndevu zilizojaa vumbi jeupe. "Huna njaa?"

"Marahaba. Njaa ninayo, mwanangu."

"Basi inuka."

"Nitakula baadaye."

"Mfuko wako si anao bosi? Miaka minne mko naye, mmesema wenyewe."

Ibrahimu alimtazama Charles, akautazama mfuko, akatazama chini. "Nitakula baadaye," alirudia, polepole zaidi.

Nelly alikuwa ameacha kuandika. "Kuna nini?" aliuliza.

"Mwambie Bwana Charles akufafanulie," Mwasiti alisema. "Yeye anajua kila kitu cha karashani."

Charles alicheka kicheko kikavu. "Wamechoka tu, madamu. Wachimbaji ndivyo walivyo. Wanapenda kukaa." Kisha, kwa sauti kali, "Nyie, inukeni mwende mkale! Mgeni anawaita!"

Waliokuwa wametoa jina lake kwa ulimi mmoja hawakumpa hata goti. Alikuwa amewaahidi kuwasagia bure wiki nzima, na kwa ahadi hiyo walimuuzia maneno, kwa kuwa maneno hayapungui kiganja ukiyauza. Lakini mawe ni wiki mbili za maisha yao chini ya ardhi, na hakuna mtu Segese anayemwachia mawe mtu asiyemjua.

"Dada Nelly," alisema Mwasiti, "naomba dakika moja tu. Usiondoke."

Alivuka njia, akazunguka ghala la mpunga, akafungua mlango wa gari. Serafina alikuwa amekaa vile vile alivyomwacha, mikono imekunjwa kwenye mapaja.

"Shuka, Mama Eliya. Sasa nakuita mimi, kama mpelelezi wa shauri hili."

"Niseme nini kule?"

"Usiseme kitu. Simama unaposimama siku zote."

Walirudi pamoja. Charles alipomwona shemeji yake, alimnyooshea kidole. "Afande! Huyu ana dhamana! Haruhusiwi kukanyaga hapa! Hii ni kinyume cha sheria!"

"Yuko chini ya ulinzi wangu," Mwasiti alijibu bila kumgeukia.

Serafina hakumtazama Charles, wala hakusoma kibao chenye rangi nyekundu. Alikwenda moja kwa moja hadi mlangoni, akasimama pale, akaegemea mwimo, kama alivyosimama Jumatatu, na bila shaka kama alivyosimama miaka yote. Alijifunga khanga vizuri, akawasalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila."

"Mwadila, mayu," walijibu kwa pamoja wakimwita mama, na mara hii hakuna aliyewakaririsha.

"Mmekula?"

Halafu Ibrahimu aliweka mkono kwenye goti, akajiinua kwa kuguna. Alijipangusa vumbi nyuma. Akavuka njia kwenda kwa Mama Rebeka bila kugeuka hata mara moja. Yule kijana aliyehojiwa kwanza akafuata, kichwa chini kwa aibu. Kisha mwingine, kisha wawili kwa pamoja, na haukupita muda chini ya bati ilibaki mifuko peke yake, imelala kama mizigo ya stendi.

Nelly alitazama mifuko, akamtazama mwanamke aliye mlangoni, akawatazama wachimbaji waliokwisha kuanza kunawa mikono. Alikuwa mtu mwepesi wa kuelewa.

"Hakuna sehemu ya swali hili kwenye fomu yangu," alisema.

"Hakuna," alisema Mwasiti. "Lakini unaweza kuandika ulichokiona."

"Nitaandika. Zile kumi na tano naziondoa." Alifunga faili.

Donatus alikuja mbio mbio kutoka kwenye mashine, akasema kwa sauti ya mtu aliyetoa mwiba, "Afande, mota nilitumwa na mama! Iko kwa Masudi! Huyu aliniambia nikisema nitafungwa mimi!"

"Najua, mtani. Na huo wizi wa mbuzi tutaufungulia jalada siku nyingine." Mwasiti alimgeukia Charles. "Jumamosi ulikuwa Nyasubi. Ulimkuta fundi amevaa kanzu ya harusi, ukaiona mota kwa macho yako, ukamwambia asiwe na haraka. Jumatatu ukaja kwangu ukasema hujui iko wapi. Hilo lina jina lake kisheria, na utaandika maelezo yako leo. La leseni ni la mahakama, na huyu mama atalipeleka."

"Jina ni langu," Charles alisema. Miwani ilikuwa imemshuka puani. "Karatasi zote ni zangu. Afande, mimi nina sabini. Unajua ni watu wangapi wanaofikisha sabini?"

Charles alitafuta pa kukaa, na kwa kuwa hapakuwa na kiti akajitupa kwenye mfuko uliokuwa karibu.

Kule kibandani Ibrahimu alikuwa ameshika tonge la kwanza. Alilirudisha sahanini, akasimama, akapaza sauti hadi kuku wa Mama Rebeka wakatawanyika.

"Mama Eliya! We Mama Eliya! Hebu mwangalie huyo mtu, kakalia mfuko wangu!"

Serafina aligeuza shingo, akamtazama mdogo wa mumewe kwa mara ya kwanza siku ile.

"Shemeji, simama," alisema. "Huo mfuko nimeachiwa mimi."